Kukimbia sana kunamaliza nguvu za kiume? Nimepima, njooni tuongee (uzi mrefu)

Mguu wa Ngaramtoni

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilikuwa kijiweni napata kahawa, akapita kijana wetu mmoja anayejiandaa na marathoni ya Moshi. Mzee mmoja akamrushia: "Endelea tu kukata mbuga, ukioa utakuja kututafutia vumbi la Kongo." Kijiwe kizima kikacheka. Mimi nilishindwa kucheka, maana miaka michache iliyopita maneno yale yangenichoma. Yana ukweli ndani yake, ila ni nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Nianze na yangu. Nilikuwa na miaka 34, nakimbia kilomita 130 hadi 140 kwa wiki huku nimeajiriwa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri natoka na maji tu tumboni, narudi nakunywa chai ya rangi na chapati moja, nakimbilia kazini. Mchana nakula nikikumbuka. Usiku ugali, tena nusu, kwa sababu nilishaaminishwa kwamba kila kilo ninayopunguza ni sekunde ninazoongeza. Nikashuka kutoka kilo 66 hadi 58. Na niwe mkweli: miezi miwili ya kwanza nilikimbia vizuri kuliko wakati wowote maishani. Hapo ndipo mtego ulipo, mwili unakukopesha kabla ya kukudai.

Deni lilipoanza kudaiwa, usingizi ulikuwa unakatika saa nane usiku. Vidole baridi hata jua likiwaka. Muundi wa kushoto ukawa unauma sehemu moja tu, ukibonyeza kwa kidole unaruka. Na lile ambalo wanaume tunalizunguka: mke wangu akawa kama dada yangu. Sisemi nilishindwa. Nilikuwa sina habari kabisa.

Nikaenda kupima, saa kumi jioni, siku ambayo asubuhi nilikuwa nimepiga kilomita 32. Testosteroni, yaani homoni ya kiume, ikasoma nanomoli 6.9 kwa lita, wakati maabara ile ilitaka angalau 8 na ushei. Nikaambiwa nianze sindano za testosteroni. Namshukuru Mungu mwezi ule sikuwa na hela ya sindano.

Daktari wa pili alipoona saa niliyopimwa alitikisa kichwa. Testosteroni hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo hupimwa asubuhi kabla ya saa nne, kabla hujala, na ikiwa chini inarudiwa siku nyingine kabla mtu hajaitwa mgonjwa. Halafu mbio ndefu za kuchosha zenyewe huishusha kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake na zaidi. Akanipumzisha siku mbili, tukapima saa mbili asubuhi: 10.4. Nimo ndani ya mstari, lakini kwa umri wangu niko mkiani.

Ndipo nikaanza kusoma. Nashusha kwa vipande, msiniharakishe.

Konda Mstaafu

Nipo siti ya mbele. Shusha mkuu.

Mzee wa Kibarazani

Kijana, mihogo mibichi, karanga na nazi. Uzi umeisha.

Mguu wa Ngaramtoni

Mzee wangu, shikamoo. Sahani yako ingenisaidia kuliko ile sindano, ila si kwa sababu wanazotangaza wauza mihogo. Nitafika huko.

Kwanza mtambo wenyewe. Kokwa hazijiamulii kutengeneza testosteroni, wala ovari hazijiamulii kutengeneza estrojeni. Amri inatoka chini kabisa ya ubongo, kwenye kisehemu kiitwacho haipothalamasi. Amri hiyo haimwagiki kama maji ya bomba. Inakuja kwa midundo: dundo, kimya cha saa moja na zaidi, dundo tena. Kila dundo linaigusa tezi ya pituitari, nayo inatoa homoni ya LH, na LH ndiyo inayokwenda kuwaamsha mafundi wa huko chini. Midundo ikipungua, mafundi wanakaa. Wao ni wazima kabisa, wamekosa kazi tu.

Anayepiga ngoma hiyo anasikiliza habari za jikoni. Leptini kutoka kwenye mafuta ya mwili, insulini na homoni nyingine za njaa na shibe zinampelekea taarifa: ndani kuna akiba au hakuna? Ghala likiwa tupu, ubongo unafunga idara ambazo mtu anaweza kuishi bila hizo. Uzazi ni miongoni mwa za kwanza kufungwa. Homoni ya tezi ya shingoni, T3, nayo inashushwa ili mwili uchome kidogo, na ndiyo maana ya vile vidole vyangu baridi.

Sasa swali: ngoma inanyamazishwa na mbio au na njaa? Mtafiti Anne Loucks wa Chuo Kikuu cha Ohio kule Marekani alilitenganisha hili kwa akili sana. Aliwachukua wanawake vijana wasio wanariadha, akawafanyisha mazoezi mazito kwa siku chache, baadhi wakilishwa kufidia walichochoma na baadhi wakinyimwa. Waliofidiwa, midundo ya LH ilibaki salama. Walionyimwa, ikaharibika. Katika kazi yake ya mwaka 2003 akatafuta mstari uko wapi: nishati inayobaki baada ya kutoa ya mazoezi ikishuka chini ya kama kalori 30 kwa kila kilo ya mwili usio mafuta kwa siku, midundo inaanza kupungua. Kwa siku 5 tu! Mimi nilikaa hivyo karibu mwaka.

Kiatu Kimoja

Kwa hiyo mtu akila akashiba anaweza kukimbia kilomita 200 kwa wiki na homoni zisishuke hata kidogo? Hiyo siiamini.

Mguu wa Ngaramtoni

Umefanya vizuri kutoamini, maana sivyo. Hapa ndipo habari inapokuwa tamu.

Anthony Hackney wa Chuo Kikuu cha North Carolina amefuatilia wanaume wakimbiaji tangu miaka ya 1980. Alichokikuta ni kwamba wanaume waliofanya mazoezi ya kustahimili, kama mbio ndefu, kwa miaka mingi mara nyingi wana testosteroni ya mapumziko iliyo asilimia 50 hadi 85 ya ile ya wenzao wa rika moja wasiofanya mazoezi. Na LH haipandi kuja kuokoa jahazi, kama ambavyo ingepanda iwapo tatizo lingekuwa kwenye kokwa zenyewe. Inaonekana mwili umejipangia kiwango kipya. Wengi wao hawana dalili yoyote: wanalala, wana hamu, wana watoto. Eliud Kipchoge ana watoto watatu, na kilomita zake tunazijua.

Kwa hiyo kuna watu wa aina mbili wanaoweza kutoka maabara na karatasi inayofanana. Mmoja namba yake imeshuka kidogo na maisha yanaendelea. Mwingine namba imeshuka, na usingizi, mifupa, hamu na muda wake wa mbio vimeshuka nayo. Yule wa kwanza mwacheni. Wa pili ndiye niliyekuwa mimi, na karatasi peke yake haikuweza kututofautisha.

Mdogo wake Pumzi

Na kotisoli je? Kocha wetu anasema mkikimbia zaidi ya saa moja kotisoli inakula misuli yote.

Mguu wa Ngaramtoni

Kotisoli, homoni ya msongo, inasingiziwa sana. Bila hiyo usingemaliza hata kilomita 10. Ndiyo inayosaidia ini kutoa sukari na kufungua mafuta yachomwe wakati insulini imeshuka, ikishirikiana na adrenalini, glukagoni na homoni ya ukuaji. Haipandi hovyo pia. Ukijogi polepole, kwa kiasi kama asilimia 40 ya uwezo wako wa juu wa pumzi, kotisoli haipandi, pengine inashuka. Inaanza kupanda kweli ukifika karibu asilimia 60, na ukienda 80 inaruka. Baada ya zoezi inatakiwa irudi chini. Kasheshe ni pale isiporudi, kwa sababu kesho asubuhi umekimbia kwa nguvu tena, na keshokutwa tena.

Kuna watafiti wa Ujerumani walipima kotisoli kwenye nywele, maana nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi na hutunza kumbukumbu ya miezi. Wakimbiaji, waendesha baiskeli na watu wa triathloni walikuwa na kotisoli ya juu kuliko wasiofanya mazoezi. Haikuwa na maana kwamba wanaumwa. Ni gharama ya kazi. Ila mtu mwenye gharama kubwa anatakiwa awe na mapato.

Daktari wa Zamu

Uzi mzuri, naomba niongeze chumvi kidogo kabla watu hawajaanza kujitibu kwa ugali.

Testosteroni kuwa chini kwa mwanariadha si lazima iwe njaa. Kuna uvimbe wa pituitari (tunapima homoni ya prolaktini), kuna tramadoli na dawa kali za maumivu za jamii yake ambazo vijana wanameza kama pipi, kuna kisukari, kuna kokwa zilizoumia au kuugua utotoni. Kwa hiyo LH lazima ipimwe pamoja. LH ikiwa juu na testosteroni chini, tatizo ni la kokwa, usihangaike na sahani. Zote zikiwa chini, angalia juu: ubongo, pituitari, halafu ndiyo mazoezi na chakula.

Pili, huo muundi unaouma sehemu moja: msidanganyike na eksirei safi. Mpasuko wa uchovu wa mfupa mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki za mwanzo. Ukiruka kwa mguu mmoja unauma, acha kukimbia kwanza.

Tatu, wale wanaopiga hesabu ya testosteroni kugawanya kwa kotisoli na kujitangazia kwamba wamechoka kupita kiasi, ile ni ya kufuatilia mtu mmoja kwa muda mrefu chini ya vipimo vilevile. Si mashine ya kutoa hukumu.

Mguu wa Ngaramtoni

Daktari, nimepokea. LH yangu ilikuwa chini pamoja na testosteroni, prolaktini safi. Nilipaswa kuandika mwanzoni.

Konda Mstaafu

Kumbe ile 6.9 ilikuwa ya saa kumi jioni! Nimeanza kuelewa. Endelea.

Sindano Moja

Mnazunguka sana. Choma testo, kula nyama, kimbia. Nchi za wenzetu wanafanya.

Mguu wa Ngaramtoni

Ukichoma, yule mpiga ngoma wa ubongoni anaona testosteroni imejaa kwenye damu, anaweka fimbo chini. LH inazimika, kokwa zinasinyaa, mbegu zinapungua, na kwa wengine zinakwisha kabisa. Mtu anaingia dukani kutafuta nguvu za kiume anatoka hana uwezo wa kumpa mkewe mimba. Wengine ngoma hairudi kwa miezi mingi baada ya kuacha.

Na kama unashindana, testosteroni imepigwa marufuku muda wote, ndani na nje ya mashindano, na kosa la kwanza adhabu yake ya kawaida ni miaka 4. Usidhani itafichika kwa kuwa mwili nao unatengeneza. Ile ya dukani hutengenezwa kutokana na mimea kama soya, na kaboni yake ina alama tofauti kidogo na ya mwilini mwako, maabara wanaisoma. Kibali cha matibabu nacho hakitolewi kwa mtu ambaye homoni zimeshuka kwa mazoezi na lishe duni. Wanakuambia pumzika, kula.

Jepto wa Bonde

Niaje wakuu, mimi niko upande wa Iten, huku Kenya. Nimesoma yote. Hapa kambini saa kumi na mbili tuko barabarani, tukirudi kitu ya kwanza ni chai, maziwa mingi na sukari mingi, na mkate. Haijalishi unasikia njaa ama hausikii. Saa nne unalala. Saa saba ugali, sukuma ama managu, maharagwe. Jioni tena easy kidogo, chai tena. Wageni wakikuja kutoka ng'ambo wanashangaa sukari. Lakini hawa wageni ndio wanaumia mifupa.

Mguu wa Ngaramtoni

Jepto, karibu sana jirani. Ulichoandika hapo kimewahi kupimwa. Mwaka 2004 walichapisha utafiti wa chakula cha wakimbiaji wa juu wa Kenya: karibu robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, ugali na sukari ya kwenye chai vikiongoza. Lakini kulikuwa na jambo jingine: kipindi kile, siku chache kabla ya mashindano, walikuwa wanachoma zaidi ya wanachokula.

Wapo wanaoshika hilo wakasema "mnaona, mabingwa wanakaa na njaa". Mimi nalisoma tofauti. Kuwa mwepesi kwa wiki moja kuelekea mashindano si sawa na kuwa mwepesi Januari hadi Desemba. Wa kwanza anakopa akijua tarehe ya kulipa.

Halafu ule usingizi wa saa nne asubuhi usiudharau. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi kwenye usingizi mzito. Sisi wa kuajiriwa tunaiga kilomita za Iten, usingizi wa Iten hatuuigi.

Bint Kizingo

Assalaam alaykum. Nawaona wanaume mnajiongelea tu. Nina mdogo wangu wa miaka 17, anakimbia mita 5,000 na nyika. Hajaona siku zake huu mwezi wa saba. Kocha wake anasema ndiyo dalili kwamba ameiva. Mama anafikiri ana mimba, nyumba haikaliki. Nani mkweli?

Mguu wa Ngaramtoni

Waalaykum salaam dada yangu. Kipimo cha mimba ni rahisi, kifanyike, mama atulie. Kikishatoka, mama hana kosa tena. Kocha anabaki na kosa lake.

Kukosa hedhi miezi mitatu mfululizo kwa msichana aliyekwisha kuanza kuipata ni sababu ya kumuona daktari. Hakuna kuiva hapo. Ni ile ngoma imenyamaza, na kwa msichana hasara yake ni kubwa kuliko kwangu mimi mtu mzima, kwa sababu estrojeni ndiyo inayolinda mfupa, na umri wa mdogo wako ndio umri wa kuweka akiba ya mifupa itakayomfikisha uzeeni. Akiikosa sasa, haipatikani yote baadaye. Mmarekani Mary Cain, aliyekuwa binti wa ajabu kwenye mbio, alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba alipokuwa anashinikizwa apungue uzito alikosa hedhi miaka mitatu na akavunjika mifupa mitano. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilishaliweka jambo hili kwenye maandishi tangu 2014, na likawekwa wazi kuwa linawapata wanaume pia.

Ana kilo ngapi, anakimbia kiasi gani, anakula nini?

Bint Kizingo

Kilo 48. Wastani kilomita 16 kwa siku. Asubuhi chai na maandazi mawili, mchana wali maharage, usiku ugali na mchicha. Nyama Jumapili.

Mguu wa Ngaramtoni

Tupige hesabu ya jikoni. Kilo 48, toa mafuta, tuseme mwili usio mafuta ni kilo 40. Kukimbia kunachoma takribani kalori moja kwa kila kilo kwa kila kilomita, kwa hiyo kilomita 16 ni kama 770. Ili abaki na kalori 45 kwa kila kilo ya mwili usio mafuta, zinazoonekana kutosha kwa mwili kufanya kazi zake zote, anahitaji 1,800 na 770, jumla 2,570. Mstari mwekundu wa 30 unamtaka 1,970. Chakula ulichotaja, kwa makadirio yangu na sahani za kawaida, hakifiki 1,700.

Binti huyo hajinyimi. Anakula kama ndugu zake wanaokaa, halafu anakimbia juu yake. Wengi wako hivyo, njaa haiwaambii kitu kwa sababu zoezi kali lenyewe huizima hamu ya kula kwa muda.

Anachohitaji kuongeza kila siku ni kama hivi: bakuli la uji wa maziwa na sukari mara tu akirudi, parachichi zima mchana, kiganja cha karanga, kipande cha nazi, na ugali wa usiku uongezeke. Mzee wa Kibarazani, umeona? Karanga na nazi zimejaa mafuta, nishati nyingi kwenye mdomo mmoja. Wauza mihogo wana dawa sahihi wamebandika karatasi ya ugonjwa mwingine.

Daktari wa Zamu

Nakubaliana, na apimwe madini ya chuma kwenye damu pia. Tafadhali asipewe vidonge vya uzazi wa mpango "kurudisha siku". Damu itatoka kila mwezi, ila hiyo inaletwa na kidonge. Ubongo bado umenyamaza na mifupa inaendelea kudhoofika, na sasa hakuna anayejua.

Bint Kizingo

Allah awalipe. Na Ramadhani ikiingia?

Mguu wa Ngaramtoni

Zoezi gumu lihamie baada ya futari, la mchana liwe jepesi au lisiwepo, daku isirukwe. Jumla ya chakula cha siku nzima ndiyo inayoangaliwa. Kama siku hazijarudi bado wakati huo, azungumze na daktari wake kabla ya kuanza, na wazazi wawepo.

Mguu wa Ngaramtoni

Nilisahau kumalizia yangu. Nilipunguza hadi kilomita 60 kwa wiki kwa miezi mitatu, na wiki sita kati ya hiyo sikukimbia kabisa kwa ajili ya muundi, nikawa nagonga baiskeli. Nikaanza kula kabla ya kutoka, ndizi mbili na chai ya maziwa. Uzito ukarudi kilo 63. Usingizi ulirudi wa kwanza, ndani ya wiki tatu. Hamu ilichukua kama miezi minne. Miezi minane baadaye kipimo cha saa mbili asubuhi kikasoma 14.8, na hapo nilikuwa nimesharudi kilomita 100. Sasa hivi nakimbia polepole kidogo kuliko nilivyokuwa na kilo 58. Kidogo tu, na nimeshaacha kuihesabu.

Bint Kizingo

MREJESHO, mwezi wa tano sasa. Mtoto ameongeza kilo tatu. Siku zimerudi mwezi uliopita na mwezi huu. Kocha bado anawapandisha mizani kila Jumatatu, baba kamwandikia barua kwamba wa kwetu asipandishwe. Muda wake wa mita 5,000 haujashuka wala kupanda.

Jepto wa Bonde

Poa sana. Huo muda utashuka, mwache akule.

Konda Mstaafu

Mkuu, na mimi jana nimeenda kupima baada ya kusoma hapa. 8.1. Nimeishiwa nguvu hata ya kuandika.

Mguu wa Ngaramtoni

Ulipima saa ngapi?

Konda Mstaafu

Saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimetoka jogingi.